Dini na haki za wanyonge: angalia nani amekaa wapi kwenye jamvi

Dada mmoja wa Barani, Malindi, mwalimu wa madrasa, ameniandikia swali refu, nalifupisha hivi: "Mwalimu, nasikia huko chuoni mwafundisha imani na haki za jamii. Hii ni elimu ya dini ama ni siasa imevaa kanzu? Huku kwetu imamu akigusia mambo ya mashamba ama ya makampuni ya chumvi anaambiwa arudi kwa mambo ya akhera, na pasta wa jirani naye vilevile. Mimi nawasomesha watoto Suratul Maun na nje ya dirisha kuna familia yavunjiwa nyumba, nahisi kama nadanganya. Na wewe mwenyewe, hii elimu imekufanya nini?"

Waalaykum salaam dadangu. Hilo la mwisho naliweka kando kwanza, ntalirudia, usidhani nimelikwepa.

Tuanze na kazi yenyewe maana watu wengi wanachanganya. Sheikh ama padri kazi yake ni kukwambia Mungu anataka nini. Mimi kazi yangu ni kuangalia watu wanafanya nini baada ya kusema Mungu anataka hivi. Sheikh ni nahodha, mimi ni yule mzee wa gatini anaekaa chini ya mwembe akihesabu mashua ngapi zimetoka na ngapi zimerudi, na za nani. Nahodha anaweza kunikasirikia, hilo lawezekana, lakini siwezi kumfundisha kushika usukani na wala sijaribu.

Sasa ukija kwa haki za jamii, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza siku zote huniletea aya. Ananiletea hiyo Maun yako, ole wao wanaoswali halafu wanazuia hata vyombo vya kusaidiana. Ananiletea Mutaffifina, ole wao wapunjao mizani. Mkristo ananiletea Isaya 58, ile ya funga niliyoichagua ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Vizuri sana, wote nawapa maksi. Alafu nawauliza swali moja tu: hizi aya hazikuwepo mwaka 1850? Zilikuwepo. Na hapa Amu, yaani Lamu, zilikuwa zinasomwa, tena kwa tajwidi safi, na watu ambao wakitoka msikitini wanakuta kijana amesimama mlangoni amewashikia viatu, na yule kijana ni mali yao kama vile punda ni mali yao. Kwa hivyo aya peke yake haitoshi kukuonyesha kitu. Ndio nasema kila siku mpaka wanafunzi wamechoka kunisikia, usiniambie nini kimesomwa, niambie nani alikuwa amekaa wapi kwenye jamvi wakati kikisomwa.

Nikupe mfano wa hapahapa nyumbani maana ndio ulionifanya mimi niingie kwenye hii fani. Habib Swaleh. Wewe wamjua kwa Maulidi, kila mtu wa pwani anamjua kwa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita mabasi na boti zajaa watu waja Amu kuzuru. Lakini watu wamesahau alikuwa ni mgeni, katoka Ngazija, kaja Amu karne ya 19 ikielekea mwisho, sharifu wa ukoo wa Jamalilel, na alipofika mji ulikuwa umepangwa kama rafu za duka. Waungwana wana majumba yao ya mawe huku Mkomani, wana misikiti yao na wana elimu yao, na elimu haikuwa kitu cha kugawia kila mtu. Mtumwa ampe chakula bwana wake basi. Wagema waliokuwa wakipanda minazi, Wahadhrami maskini waliokuja na majahazi wakibeba maji na mizigo, watumwa na walioachwa huru, hawa walikaa upande wa chini huko Langoni na kwenye vibanda vya makuti. Hata nguo zilikuwa na mpaka wake hapa pwani, mtumwa mwanamke hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama bibi yake, na mabibi wakubwa walitembea ndani ya shiraa, ile hema ya kitambaa ambayo watumwa waliishika pembe zake wakaenda nayo njiani. Fikiria hiyo picha dadangu. Stara ya mmoja imebebwa na mikono ya wengine ambao wao hawaruhusiwi stara.

Habib Swaleh akafanya nini? Hakuandika kitabu dhidi ya utumwa, na sijaona popote kwamba alisimama akahutubia dhidi ya mabwana. Alikaa chini na hao watu akawasomesha. Basi. Aliwafundisha Quran, akawatibu, akawasomea Maulidi na matari yakapigwa, mambo ambayo wakubwa wa mji waliyaona ni kelele ama ni bidaa ama yote mawili, na nadhani kilichowauma zaidi ya matari ni nani alikuwa anayapiga. Msikiti wa Riyadha ukajengwa mwaka 1900 hivi, pembeni ya mji wa wakati ule, na wanafunzi wakaanza kuja kutoka pwani nzima. Yeye mwenyewe alifariki 1935. Na sasa nenda kaangalie mji uko wapi, pembeni kumekuwa ni katikati, Maulidi yake ndio sikukuu ya mji mzima na wajukuu wa wale waliokasirika wako safu ya mbele wanatikisa vichwa.

Kuna watu wataniambia, mwalimu hapo hakuna haki ya jamii, hapo kuna madrasa tu. Mimi naona ndio penyewe. Kwenye mji ambao elimu ya dini ndio iliyokuwa hati ya kuitwa mtu, kumpa mtumwa elimu ni sawa na kumpa hati. Na hakuleta kitu kigeni, ni jambo la zamani kuliko Amu, we wajua ile Abasa, Mtume yuko na wakubwa wa Kikureshi anatamani waingie kwenye dini, anakuja kipofu Abdallah bin Ummi Maktum anauliza swali lake, Mtume anakunja uso, na wahyi unashuka unamlaumu Mtume mwenyewe kwa ajili ya kipofu. Ugomvi wote wa ile sura ni wa nafasi, nani asikizwe kwanza.

Ila nisikupambie. Msomi akipamba amekuwa karani wa harusi. Utumwa haukuondoshwa na Riyadha. Uliondoshwa na sheria ya Waingereza, na ukitaka kujua ulivyoondoshwa njoo huku kwenu Malindi, maana hapa ndipo historia yatia uchungu zaidi. Malindi ilikuwa gofu, ikafufuliwa miaka ya 1860 na mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na hayo mashamba yalilimwa na watumwa, maelfu. Mwaka 1907 serikali ikafuta utumwa kisheria kwenye huu ukanda wa pwani ya Kenya. Fidia ikatolewa. Akapewa nani? Bwana! Aliyelimishwa miaka thelathini hakupewa hata jembe. Alafu mwaka uliofata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi, kila mwenye kudai shamba aje na ushahidi wake aandikiwe, na ushahidi ni makaratasi na mashahidi wanaokubalika, na walionao ni walewale wenye mashamba. Mgiriama hakuhesabiwa kuwa na dai, aliyekuwa mtumwa juzi hakuwa na dai, na kilichobaki bila mwenyewe kikawa cha serikali. Miaka miwili hiyo, 1907 na 1908, ukiiweka pamoja kwenye meza ndio unaelewa neno skwota, yani mtu anaekaa kwenye ardhi asiyo na hati yake, linalozungumzwa mpaka leo kwenye kila kampeni ya uchaguzi kuanzia Kilifi hadi Magarini. Mtu alifunguliwa mnyororo akaambiwa we huru, alafu akageuka akakuta ardhi yote anayokanyaga ina mwenyewe.

Na hapo ndio nauliza kama msomi wa dini: wale makadhi na masheikh na makarani waliokuwa wanashuhudia yale makaratasi walisomaje ile aya ya 135 ya Suratu Nisaa, ile yasema muwe mashahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zenu ama wazazi na jamaa zenu? Wengine walisoma vizuri, kuna waqfu za zamani ambazo mwenye mali aliacha kipande cha shamba kwa wale aliowaacha huru na vizazi vyao, zipo. Wengine walisoma wakapiga muhuri wa jirani yao. Upande wa wamisheni nako usidhani kulikuwa peponi, Frere Town ilianzishwa 1875 karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, na Rabai ilihifadhi watoro, sifa zao wapewe, lakini na wao walikuwa na jamvi lao na nafasi za juu zilikuwa na rangi yake.

Dini ya tatu ambayo wasomi wetu wanaisahau, na hii inanikera sana, ni ya Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda. Ukipita Uhuru Garden hapo mjini Malindi kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, watu wanapiga selfi wanaenda zao. Wanafunzi wanamjua kama shujaa wa siasa. Lakini hebu angalia silaha yake ilikuwa ni gani mwaka 1913. Waingereza wanataka kodi ya nyumba, wanataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu, wanataka Wagiriama wahame watoke kaskazini ya mto Sabaki ambako ndiko kwenye rutuba. Mekatilili, mwanamke mjane, alizunguka na ngoma ya kifudu akikusanya watu, wakaenda Kaya Fungo, na pale wakala viapo. Wanaume kiapo cha fisi, wanawake kiapo chao cha mukushekushe. Yeyote atakaeshirikiana na serikali, kiapo kimpate. Hiyo ni ibada. Na angalia tena jamvi: mambo ya kaya ni ya wazee wanaume, na hapa mjane ndie anasema na wanawake wana kiapo chao kinachofunga sawa na cha wanaume.

Wakamkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka mbali magharibi huko upande wa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Kwa miguu! Na Agosti 1914 serikali ikaenda Kaya Fungo ikailipua kwa baruti. Sasa mimi kila nikifika hapo kwenye somo nawauliza wanafunzi, serikali inayosema dini ni mambo ya akhera yapoteza baruti kulipua msitu kwa sababu gani? Wale maafisa walielewa vizuri kuliko maprofesa wengi kwamba pale ndipo nguvu ya watu ilipokuwa imewekwa.

Kwa hivyo likija hilo swali lako la siasa imevaa kanzu, jibu langu ni kwamba anaekwambia uache siasa msikitini mara nyingi ana siasa yake anataka isiguswe. Si wote. Kuna imamu mwengine anaogopa kwa haki kabisa, ana watoto, ameona wenzake walivyochukuliwa usiku miaka ile, na huyo mimi simhukumu nikiwa nimekaa kwenye feni naandika.

Lakini nataka umjue Imamu Abdullah Haron wa Cape Town maana yeye ndio kila nikimsoma nakosa usingizi. Alikuwa imamu wa msikiti wa Claremont tangu 1955, kijana, mtanashati, anapenda mpira wa raga na sinema. Sheria ya ubaguzi ilikuwa imewagawa watu kwa rangi na Waislamu wengi wa Cape walikuwa kwenye fungu la katikati, chini ya mzungu lakini juu kidogo ya Mwafrika mweusi, na hilo fungu la katikati, dadangu, ni raha yake kukaa kimya. Imamu Haron akawa anaenda Langa, Nyanga na Gugulethu, mitaa ya watu weusi, anapeleka chakula na pesa kwa familia ambazo baba yao yuko jela. Yani alitoka kwenye jamvi lake akaenda kukaa kwenye vumbi la wengine. Tarehe 28 Mei 1969, ilikuwa ni siku ya Maulidi, polisi wa usalama wakamwita wakamfungia. Siku 123 bila kushtakiwa. Tarehe 27 Septemba akafa humohumo, polisi wakasema ameteleza kwenye ngazi. Mwili una michubuko ishirini na saba na mbavu mbili zimevunjika, ngazi gani hiyo. Maziko yake yalijaa watu maelfu kwa maelfu, na baraza la mashekhe la Cape lililokuwa limenyamaza wakati akiwa ndani likabaki na aibu yake kwa miaka. Familia haikuchoka, na Oktoba 2023, miaka hamsini na nne baadae, mahakama ikatamka kwamba aliuawa na mateso.

Wakatoliki wa Amerika ya Kusini wana msemo wao kwamba Mungu ana upendeleo kwa maskini, padri Gustavo Gutiérrez wa Peru aliandika kitabu chake maarufu 1971 na kutoka hapo ikawa somo kamili vyuoni, na askofu Romero wa San Salvador akapigwa risasi Machi 1980 akiwa anaendesha misa. Haya yote nayafundisha. Lakini wanafunzi wa pwani wakisikia Haron alikamatwa siku ya Maulidi darasa lote linatulia, maana wanajua siku ya Maulidi inanukia vipi.

Haya turudi nyumbani, maana historia ni rahisi, waliokufa hawabishani. Amu ujenzi wa bandari ulizinduliwa Machi 2012, marais wamekuja, matumaini kibao. Wavuvi wakasema tutavua wapi, mkondo ukichimbwa tope litaziba matumbawe na mikoko itakatwa. Wakaenda kortini, na kesi ikaamuliwa huko kwenu Malindi, mahakama kuu, Aprili 2018, wavuvi karibu 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 na mahakama ikasema wazi kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilikuwa imevunjwa. Alafu ile mitambo ya makaa ya mawe ya megawati 1,050 iliyotakiwa kujengwa Kwasasi, mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi nilikuwa kwenye baadhi ya yale maandamano nikiwa na daftari langu, na nilichoandika kwenye daftari si hotuba, niliandika kwamba dua ilisomwa kabla ya kuanza na aliyeisoma ni mzee mvuvi, na pembeni yangu kulikuwa na mama Mkristo wa Hindi, ule mji wa huku kwetu Lamu, ameinua mikono anaitikia amin pamoja na sisi. Kizazi cha nyuma hao wawili wasingekuwa kwenye barabara moja.

Ila pia niliandika kitu kingine ambacho wenzangu wa harakati hawakukipenda. Kwenye mikutano wanawake walikuwa nyuma, kwenye ukuta, na likija swali la nani mvuvi, kila mtu anaona mtu na mshipi. Yule mama anaengojea dau lifike, ananunua dagaa na vichwa vya samaki, anakaanga, anauza, anasomesha watoto wanne, bahari ikifa na yeye amekufa, sasa yeye kwenye orodha anaandikwa wapi? Niliuliza. Nikaambiwa mwalimu tusianze kugawanyika sasa. Hiyo sentensi nimeikuta kwenye kila harakati ya dini niliyowahi kusoma, Peru iko, Cape iko, Amu iko.

Na kesi ya makampuni ya chumvi huko kwenu pia nimeipitia. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuja ikafanya uchunguzi wa hadharani, watu wa upande wa Gongoni na Kurawa wakasimama wakatoa ushahidi wa kuhamishwa mashambani na visima kuingia maji ya chumvi na hali ya vibarua, na ripoti ilitoka 2006. Ni hati ya umma, kaitafute uisome, maana imamu wako ukimwendea na "watu wanadhulumiwa" atakwambia subira, lakini ukimwendea na karatasi yenye ushahidi wa majirani zake anaowazikia wafu wao, inakuwa ni habari nyengine. Kisima kilichoingia chumvi pia ni swali la fiqhi, si la siasa tu. Maji ya udhu ya mtu yameharibiwa na nani na ana haki gani, masheikh wa zamani waliandika mengi kuhusu maji na haki ya kunywa na kunywesha. Muulize hapo. Utashangaa atakavyofunguka, maana umemuuliza kwenye nyumba yake.

Semina za amani usinitajie. Masheikh na mapasta wanalazwa hotelini siku tatu, wanapewa posho, wanapigwa picha wameshikana mikono, na picha inatumwa kwa wafadhili. Nimekula hiyo posho mimi mwenyewe kwa hivyo najua ladha yake. Sikumbuki hata moja ambapo tulizungumzia hati ya shamba.

Sasa utaniuliza, na imani ikishika mambo ya dunia si ndio hatari yenyewe? Ndio, na huko kwenu mna Shakahola, 2023, miili zaidi ya mia nne imefukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wamwone Yesu. Na sisi huku tuna Mpeketoni Juni 2014, watu zaidi ya sitini wakauawa, walioulizwa dini yao mlangoni, na juu ya dini kulikuwa na maneno ya ardhi ya zamani yaliyotumiwa kama kuni. Baada yake kafyu, na mvuvi wa usiku ambae hakumgusa mtu akakatazwa bahari. Mimi hizi mbili nazisoma kwa kipimo kilekile cha jamvi. Shakahola aliekaa mbele alikuwa mmoja tu na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza, na wa kwanza kufungishwa walikuwa ni watoto. Watoto! Harakati ya haki ambayo gharama yake inaanza kulipwa na mdogo kabisa, mimi sihitaji kusoma mafundisho yake. Riyadha gharama aliilipa Habib Swaleh kwa kudharauliwa na wakubwa wenzake, Haron aliilipa kwa mwili wake, Mekatilili kwa miguu yake kutoka Kisii.

Kuhusu darasa lako. Usiache kusomesha Maun, lakini jaribu kitu kimoja. Mtoto wa hiyo familia iliyovunjiwa nyumba, kama yuko madrasani kwako, amekaa wapi? Na ada yake ikikosekana hutumwa nyumbani mbele ya wenzake? Sikuulizi kwa ubaya, mimi nimeona madrasa nyingi, nyingine zina jina la Habib mwenyewe ukutani, na mtoto wa mama muuza mahamri anakaa karibu na mlango kwenye viatu, na mtoto wa mwenye hoteli yuko mbele ya mwalimu. Hakuna alieamua. Inakuwa tu. Kazi yangu yote kwa kifupi ni kuangalia hiyo "inakuwa tu".

Haya. Uliuliza hii elimu imenifanya nini.

Marhumu baba alipofariki tulifungua kasha la nyumba, lile la mbao la misumari ya shaba, tukakuta makaratasi ya Kiarabu na ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kwa kuwa mimi ndie msomi nikapewa niyasome. Mojawapo ni urithi wa babu mzaa babu yangu. Minazi kadhaa, imehesabiwa. Nyumba moja na robo. Punda. Jahazi nusu. Alafu majina matatu ya watu, mwanamke na wanawe wawili, majina yale ya kupewa, si ya kuzaliwa, na mbele ya kila jina bei. Mwandiko mzuri sana. Kadhi ameshuhudia, na juu kabisa Bismillahi imechorwa kwa wino mwekundu.

Nilikuwa nimefundisha somo la utumwa miaka kumi na moja na sikuwahi kulileta nyumbani kwetu.

Mmoja wa wale wanawe, nimefatilia, ukoo wake naujua. Wako mtaa wa pili kutoka kwetu. Mjukuu wao ndie anaetuezekea makuti kila baada ya miaka michache, na mama yangu alikuwa akimpa chai kibarazani, siku zote kibarazani, na sikumbuki hata siku moja ameingia ndani akakaa. Yeye sidhani anajua kuhusu karatasi. Ama anajua na ananingoja mimi.

Ndugu zangu wanasema ichome, yamepita hayo. Kakangu mkubwa anasema wataka wadai nini sasa, nyumba? Mimi sijui watadai nini. Makuti ya upande wa mashariki yameanza kuvuja na atakuja mwezi ujao, na nimeshamwambia mke wangu siku hiyo chai itaandaliwa ndani, na karatasi ntaitoa kwenye kasha.